Mtu Mwenye Vidole Gumba Vitano

Jumatatu, 6 Mei

Hasira. Sijui nianzie wapi. Nianze na Hadubini.

Hadubini ni mwalimu wa biolojia. Jina hilo nimempa mimi, kimoyomoyo, kwa sababu ya kuchunguzachunguza kila kitu. Ana miaka minne tu ya kufundisha. Minne! Mimi nafundisha kemia shule hii mwaka wa kumi na tisa sasa. Mkuu wa idara ya sayansi kastaafu mwezi uliopita, kiti kiko wazi, na kila mwenye akili timamu anajua kiti kile ni cha nani. Kina chumba chake. Chumba kina dirisha, na kabati linalofungika. Miaka kumi na tisa nasahihisha madaftari kwenye kona ya chumba cha walimu, mgongo mlangoni, na kila anayeingia lazima anigonge kiti. Wengine hata pole hawasemi.

Leo kikaoni Hadubini akanyoosha mkono. Ati angependa kuwaonjesha kidato cha tatu sayansi ya uchunguzi wa jinai. Alama za vidole, nyayo, nywele, kutenganisha rangi za wino. Ati vijana wataipenda sayansi wakiona inavyomnasa mwizi. Mkuu wa shule, mama ambaye sijawahi kumwona meno tangu ahamie hapa, akatabasamu! Akasema wazo zuri sana, mkaguzi anakuja Ijumaa ya wiki ijayo, basi aonyeshwe hilo. Halafu akaongeza kwamba baada ya ukaguzi atatangaza mkuu mpya wa idara.

Kutenganisha rangi za wino! Hiyo ni kemia! Kemia tupu! Mtu kaniingilia shamba langu mchana kweupe na watu wanampigia makofi.

Nimemweleza mke wangu. Akauliza kama wazo lenyewe ni baya. Nikamwambia hilo si hoja. Akauliza hoja ni nini basi. Nimeacha chakula mezani.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata! Nimeipata nikipiga mswaki.

Nimemwahi Mkuu kabla hajakaa. Nikamwambia, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba watoto hawawezi kujifunza uchunguzi bila kosa la kuchunguza. Lazima kitu kiibwe. Na nani wa kuandaa wizi kama si mtu mwenye uzoefu wa maabara? Akafikiri. Akasema sawa, Hadubini afundishe, mimi niibe. Wanafunzi waambiwe mshukiwa ni mtumishi yeyote wa shule, kuanzia yeye mwenyewe hadi mlinzi. Ila nisichukue kitu cha maana.

Sasa sikiliza, ewe daftari, maana wewe ndiye pekee unayenielewa nyumba hii. Nitaiba. Ushahidi wote utamwelekea Hadubini. Alama zake za vidole zitajaa kila mahali. Watoto watasimama mbele ya mkaguzi na kumtaja mwalimu wao. Hapo nitainuka taratibu, nitakohoa kidogo, nitasema: hapana. Nitaeleza jinsi ushahidi unavyoweza kupandikizwa, na jinsi ambavyo hawakufundishwa kulitambua hilo. Mkaguzi ataona nani mwalimu na nani mtalii.

Nimekula mara mbili leo.

Jumatano, 8 Mei

Kipindi cha kwanza cha Hadubini. Nilipita dirishani kwa bahati. Nikapita tena. Mara ya nne mwanafunzi mmoja akaniamkia, ikabidi niondoke.

Nilichokiona kimenitia uchungu. Wamesaga risasi ya penseli ikawa unga laini. Wanaupaka kwenye glasi kwa brashi ya poda ya uso, wanapuliza, alama inatokea, wanaibandika selotepu juu, wanaibandua, wanaihamishia kwenye kadi nyeupe. Vijana walewale ambao kwangu husinzia kama waliolishwa dawa! Leo wamesimama kwa ncha za vidole, wanasukumana kuona. Na mbele kabisa, brashi mkononi, ni nani? Binti yangu. Damu yangu mwenyewe.

Karudi nyumbani hashikiki. Kapaka unga kitasa, kapaka unga rimoti. Halafu kapaka unga kopo la sukari. Mke wangu kwa siku nyingi anashangaa sukari inakwenda wapi, wakati daktari kanikataza mimi, na yeye na binti hawaitumii sana. Binti akaitoa alama moja safi, akaitia kwenye kadi, akailinganisha na glasi yangu ya maji. Akasema ni kidole gumba cha baba, mkono wa kulia, kina kovu la kuungua katikati.

Nimekana. Kovu ni langu, nililipata kwenye kichomeo mwaka wangu wa pili kazini. Lakini nimekana, na nitaendelea kukana. Mke wangu kahamisha kopo.

Ijumaa, 10 Mei

Hadubini kapita chumba cha walimu na kidau cha wino akikusanya alama za watumishi wote, ili watoto wapate za kulinganisha. Mkuu katoa vidole kumi bila kinyongo. Filimbi, mwalimu wa michezo, kapaka mpaka kiganja. Mpishi, mlinzi, wote.

Mimi nimekataa. Nimemwambia ngozi ya vidole vyangu imeliwa na tindikali kwa miaka kumi na tisa ya kulitumikia taifa, hakuna alama iliyobaki. Akasema pole sana mwalimu, kwa sauti ya huruma. Huruma! Nani kamwomba huruma?

Saa nne, wote wakiwa kwenye chai, nimechukua kikombe chake. Cheupe, kina ua la buluu. Nimekishika kwa leso. Mtu ambaye hajawahi kuiba kikombe hajui moyo unavyodunda. Nimekiweka mkobani chini ya madaftari ya kidato cha pili. Mchana nikamsikia akikiulizia. Nikamwambia watu siku hizi hawana adabu na vitu vya wenzao.

Jumapili, 12 Mei

Tatizo. Mwanamke huyu, Hadubini, hushika kikombe kwa kishikio chake, kama malkia. Alama zote zimeburuzika. Nzima ni moja tu. Kidole gumba cha kulia, kando ya ua la buluu.

Moja inatosha. Moja ukiitumia mara tano ni tano. Hii ni hesabu ya darasa la kwanza.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeiba!

Saa tisa, saa ya michezo, shule nzima ilikuwa uwanjani. Mkuu naye huenda kuangalia. Nimeingia ofisini kwake na glavu, koti la maabara, unga wa penseli, selotepu na kikombe. Kitu nilichochagua: kengele. Ile kengele ya mkono ya shaba anayoigonga mwenyewe kila kipindi, hamruhusu mtu kuigusa. Aliniambia nisichukue kitu cha maana. Kengele ni shaba na kipini tu, ina maana gani?

Nimefuta meza nzima kwa spiriti kwanza. Halafu nikaanza kupandikiza. Nachukua alama kutoka kwenye kikombe, naihamisha. Droo. Kitasa. Kiti. Meza. Fremu ya dirisha. Ya kwanza ilitoka nyeusi safi. Ya tano ilikuwa hafifu, lakini ipo.

Nani aliyezitengeneza hizi glavu? Laana! Selotepu inazinasa! Ukishika upande huu inanata kidole hiki, ukibandua inanata kile, mpaka nikawa nimefungwa mikono yote miwili mbele ya meza ya Mkuu huku nje nasikia kipenga cha Filimbi kikikaribia. Ikabidi nizivue kwa meno. Kazi iliyobaki nikaifanya kwa mikono mitupu, kwa uangalifu mkubwa, bila kugusa kitu chochote isipokuwa selotepu. Vipande vilivyotumika nikavikunja vizuri na kuvitupa kwenye kapu la taka la Mkuu. Mimi si mtu wa kuacha uchafu ofisini kwa watu.

Kengele nimeifukia maabara, kwenye ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Nimeibandika lebo kwa mkono wangu, herufi kubwa: MCHANGA TU. HAKUNA KITU NDANI.

Kazi safi.

Jumanne, 14 Mei

Mkuu kawaka. Sikujua mama yule ana sauti ile. Kaniita ofisini, kafunga mlango, kauliza kati ya vitu vyote vya shule hii, globu, ramani, vikombe vya mashindano, kwa nini kengele. Nikamwambia mhalifu wa kweli haombi ruhusa. Kasema tuendelee kwa sababu mkaguzi keshaambiwa, lakini atalikumbuka.

Kwa hiyo shule leo haikuwa na kengele. Filimbi kapewa kazi ya kupuliza kipenga kila kipindi kinapokwisha. Wanafunzi wakisikia kipenga wanadhani ni michezo! Kipindi cha pili darasa zima la kidato cha kwanza limetoka mbio uwanjani, ikachukua nusu saa kuwarudisha. Kipindi changu cha kidato cha nne kimekatwa katikati, dakika kumi na nane tu, nikiwa nimeshika chupa ya jaribio juu. Cha Hadubini kimekwenda saa mbili nzima. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyelalamika! Wamekuwa ofisini kwa Mkuu na lenzi zao, wanapaka unga, wanapima, wanaandika. Wamebeba mpaka kapu la taka.

Wabebe. Takataka ziwafundishe nini?

Nyumbani binti kimya. Kawaida anapayuka kutwa nzima. Leo kanitazama mezani muda mrefu, kisha kaniuliza kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia. Nikamwambia ale.

Jumatano, 15 Mei

Kengele wameipata. Saa tatu na dakika tano asubuhi. Niliwahesabia, upekuzi wa maabara ulichukua dakika nne.

Kuna ndoo nne za mchanga mle. Wameiendea moja kwa moja ile yenye lebo. Nimesimama pale, mwenye maabara, nikishuhudia mtoto wa kidato cha tatu akisoma lebo yangu kwa sauti, na wenzake wakicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nimewauliza kinachochekesha. Mmoja kasema shikamoo mwalimu. Nimempa adhabu ya kuosha mirija.

Si kitu. Kengele si ushahidi. Ushahidi ni alama, na alama ni za Hadubini. Kengele kuwa maabara hakumaanishi lolote, yeye pia ana ufunguo wa maabara. Tena bora. Imekaa vizuri zaidi.

Mkuu kaigonga kengele yake saa nne juu ya alama. Mchanga ulimwagika kwenye sare ya Filimbi.

Alhamisi, 16 Mei

Kesho! Dalili zote njema. Leo nimewaona wanafunzi wamemzunguka Hadubini, wamemwomba mkono, wanakitazama kidole gumba chake kwa lenzi. Yeye anacheka. Cheka, dada yangu, cheka leo.

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. "Mheshimiwa mkaguzi, kwa masikitiko makubwa." Nimejaribu kukohoa kwa namna tatu. Kikohozi cha pili ndicho chenye hadhi. Mke wangu kapita mlangoni, kaniuliza kama nimeanza kuumwa kifua. Nimemwambia kesho saa kama hizi atakuwa mke wa mkuu wa idara. Akasema yeye angefurahi zaidi kuwa mke wa mtu anayelala usiku bila kusaga meno.

Nimeshachagua pa kuweka kiti. Dirisha liwe kushoto, mgongo ukutani. Ukutani!

Binti kanijia nikipiga pasi shati. Kasema yeye ndiye atakayesoma ripoti ya darasa mbele ya mkaguzi. Nikampongeza, kwa kweli nilifurahi, pamoja na yote. Kisha kaniomba ahadi moja: niwaache wamalize kusoma mpaka ukurasa wa mwisho kabla sijasema neno. Nimeahidi. Nani hupenda kumkatiza mtoto wake?

Ijumaa, 17 Mei

Sitaki kuandika.

Naandika.

Ukumbi ulijaa. Mkaguzi ni mzee mpole, kakaa mbele na kalamu. Mkuu kulia kwake, Hadubini kushoto. Mimi nyuma kidogo, karibu na njia, niweze kuinuka vizuri. Binti kapanda jukwaani na kurasa zake. Kwenye ubao wameandika kwa chaki ya rangi: MTU MWENYE VIDOLE GUMBA VITANO.

Sikuelewa. Nikatabasamu.

Akaanza. Walikuta alama tano za vidole ofisini. Zote tano za kidole gumba. Zote za mkono wa kulia. Zote zimeinama upande mmoja, na zote zina mkato uleule mdogo pembeni, pale unga ulipokosa. Binadamu, akasema, ana kidole gumba cha kulia kimoja. Ukumbi ukacheka. Tena, alama zilififia kwa mpangilio, droo ikiwa nyeusi kuliko zote na dirisha hafifu kuliko zote, kama muhuri unaoishiwa wino. Na tatu, hapa mkaguzi akaweka kalamu chini na kusogea mbele, alama hizo zilikuwa na unga wa penseli kabla wao hawajazipaka unga. Mwizi gani hutembea ameshajipaka unga wa wachunguzi?

Kwa hiyo, akasema binti yangu, alama ni za mwalimu wetu wa biolojia, lakini hakuziweka yeye. Kuna mtu alizibeba.

Bado nilikuwa na nafasi! Ningeweza kuinuka palepale na kusema: hongereni, huo ndio mtego wenyewe! Nalijua hilo sasa. Pale sikulijua. Pale nilikuwa nasikia watu wanacheka tu.

Kisha selotepu. Kutoka kwenye kapu la taka. Vipande saba, vimekunjwa vizuri kama barua, akasema, na kwenye ncha ya kila kipande kuna alama ya mtu mwingine. Kidole gumba, kina kovu la kuungua katikati. Kwenye kadi za watumishi alama hiyo haipo, kwa sababu mtumishi mmoja alikataa kutoa. Kwa bahati nzuri darasa lina sampuli yake. Ilichukuliwa kwenye kopo la sukari, nyumbani kwa mtu aliyekatazwa sukari na daktari, na ambaye anaapa kwamba haigusi.

Ukumbi mzima. Wanafunzi mia tatu. Mpishi. Mlinzi alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja. Filimbi alikuwa analia machozi.

Nikainuka. Sikukohoa. Nikasema kwa sauti ya juu kwamba sukari sikula.

Mkaguzi kageuka. Nikasema sukari sikula, kidole si changu, selotepu si yangu, kengele sikuiba, na ofisini kwa Mkuu sijaingia tangu mwaka jana.

Mkaguzi akauliza kwa upole kama si mimi niliyepewa kazi ya kuiba. Mkuu akasema ndiyo, ni mimi, alinipa mwenyewe. Nikasema nilipewa lakini sikuifanya! Mkaguzi akauliza basi nani kaiba. Nikanyoosha kidole kwa Hadubini. Nikasema alama tano zile za nani? Za nani?

Hadubini akasimama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika! Akamwambia mkaguzi kwamba huenda mwalimu bado anaigiza, kwamba wazo la ushahidi wa kupandikizwa ni lake, na ni somo bora kuliko yote aliyokuwa ameandaa yeye. Mkaguzi akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema kwa kweli ni ubunifu wa hali ya juu.

Nikasema siigizi.

Nikasema mimi si mwigizaji, mimi ni mkemia, na sitaki huruma ya mtu wa miaka minne. Nikasema na lebo ile si yangu. Nikatoka nje. Nimegonga kiti cha mlinzi njiani.

Saa tisa Mkuu kabandika tangazo. Mkuu mpya wa idara ya sayansi ni Hadubini. Anaanza Jumatatu. Nimelisoma mara tatu, halafu nikaenda kukaa kwenye kona yangu, mgongo mlangoni. Watu wanne wamenigonga. Wote wanne wamesema pole.

Jumamosi, 18 Mei

Binti hajatoka chumbani. Mke wangu kampelekea chakula. Nimemwuliza kama mtoto anaumwa. Kanijibu kwamba mtoto haumwi, mtoto ameaibishwa. Nikasema aliyeaibishwa ni mimi! Mimi! Kopo la sukari mbele ya serikali! Kuna nyumba gani ambayo mtoto hutoa siri za baba yake ukumbini, na akapigiwa makofi?

Mke wangu kasema mtoto aliniomba kitu kimoja tu. Kimoja. Kisha katoka kwenda kwa dada yake.

Nimeosha vyombo kwa hasira. Nimevunja kikombe cheupe chenye ua la buluu, nilikuwa nimesahau kukirudisha.

Jumapili, 19 Mei

Leo asubuhi nimekuta karatasi chini ya daftari hili. Mwandiko wa binti. Ukurasa wa mwisho wa ripoti, ule ambao hakuusoma. Sijui kauweka lini. Naunakili hapa kama ulivyo:

"Kwa kumalizia, mheshimiwa mkaguzi, mhalifu wetu ni mwalimu wetu wa kemia. Hakukosea. Yeye ni mtu makini kuliko wote shuleni, na mtu makini hawezi kuacha alama yake mara saba kwa bahati mbaya. Aliziacha makusudi, ili tujifunze kutouamini ushahidi unaokuja kirahisi. Somo la alama za vidole tulifundishwa na mwalimu wa biolojia. Somo la kufikiri tumefundishwa na yeye. Nafahamu, kwa sababu ni baba yangu. Tunaomba asimame tumpigie makofi."

Nimesoma nimekaa kitandani. Nimesoma tena. Alijua. Tangu Jumanne ile mezani alijua kila kitu, akakaa akatafuta njia ya kunitoa, akaandika uongo mzuri kuliko wowote niliowahi kuusikia, na mimi nikasimama nikaukanyaga nikiwa nimebakiza ukurasa mmoja. Niliona haya. Niliona haya kwelikweli, mtu mzima mimi, macho yakanilowa. Ilichukua kama dakika tano.

Halafu nikakasirika. Nani anayeweka jambo la maana mwishoni? Ningekuwa nasahihisha ningemkata alama nane. Lingekuwa ukurasa wa kwanza, leo napanga kiti changu dirishani!

Nimembishia hodi. Nimemwambia nimesoma. Akanyanyua uso, nikaona alikuwa anangoja nimwambie kitu. Nikamwambia ni maandishi mazuri sana, na kwamba bado hatujachelewa. Amwandikie mkaguzi barua, kwa niaba ya darasa. Aseme yote yalipangwa. Aseme hata kukana kwangu kulikuwa sehemu ya somo: jinsi mshukiwa anavyokana. Mkaguzi mwenyewe alishaanza kuamini! Cheo kinaweza kutenguliwa.

Akasema hapana, baba. Akasema ukurasa ule aliuandika ili usomwe siku ile, na siku ile imepita. Kisha akarudi kwenye kazi yake ya shule. Nimemwuliza ni kazi gani. Akasema wiki hii wanaanza miandiko, jinsi ya kutambua barua ya kughushi, na Hadubini kasema mkaguzi kapendezwa sana, atarudi Ijumaa kuwaletea barua za kweli wazifanyie mazoezi. Yeye kachaguliwa kiongozi tena.

Nikasema vizuri. Nikafunga mlango.

Sasa niko mezani. Ukurasa wake nimeuweka mbele yangu, nimefunika juu karatasi nyembamba. Mwandiko wake si mgumu, nimeusahihisha tangu akiwa chekechea. Herufi ya "m" ina mkia mrefu, nimeipata mara ya tisa. Saini imenisumbua kidogo, lakini ya kumi na mbili hata mama yake asingeitofautisha. Barua imekamilika, kurasa mbili, na safari hii jambo la maana liko mwanzoni. Bahasha nimeibandika lebo: IMEANDIKWA NA MWANAFUNZI MWENYEWE.

Kesho saa mbili kamili naipeleka ofisi ya mkaguzi kwa mkono wangu.